Fimbo za Mfalme na Mguu wa Ipu

Kijiji cha Mafundi wa Makaburi,
Ng'ambo ya Magharibi ya mto,
Waset.
Mwezi wa kwanza wa mavuno, mwaka wa kwanza wa huyu farao mpya, ambaye sina haraka ya kumzoea.

Mpendwa kaka Nakhi,

Shikamoo. U hali gani huko Mennefer? Wifi kifua kimepoa? Karakana yako ya mbao ina kazi? Sisi ni wazima. Mume wangu Kasa macho yanamuwasha kwa vumbi la chokaa, lakini anakula. Ipu wetu ameota meno ya nyuma na anamng'ata kila anayembeba.

Habari ya msiba wa mfalme najua imewafikia, tena ikiwa imepakwa asali. Huku tulisomewa uwanjani kwamba alikimbiza simba kwa miguu. Msomaji alikuwa bwana mmoja wa kasri mwenye wigi kubwa kuliko kichwa, akijifuta machozi ambayo hayakuwepo. Simba gani, kaka? Kijana wa watu alirusha mishale akiwa amekaa kitini. Homa ndiyo iliyommaliza, kama inavyowamaliza watoto wa wakulima. Na mguu wake wa kushoto ulipinda ndani kama wa Ipu wangu. Nilimwona mwenyewe kwenye sikukuu, akishuka ngazi za hekalu.

Wale wazee waliomtawala toka utotoni hawakumwandalia hata kaburi la maana. Wamemsukumia kwenye shimo la mtu mwingine, vyumba kama ghala la vitunguu. Jeneza moja nalo ni la marehemu mwingine, jina limekwanguliwa likaandikwa lake. Mimi hata Ipu simvishi nepi ya jirani bila kuifua.

Kasa, akimchora mfalme ukutani mwa kaburi, alipofika miguuni aliuliza kama achore na ule uliopinda, maana anapenda kazi iwe sahihi. Yule bwana wa wigi akamwambia, "Chora miguu miwili mizima. Au wewe unajua mingine?"

"Mimi najua rangi tu, mheshimiwa," Kasa akajibu, akachora. Mlango ukazibwa rangi ikiwa bado mbichi. Na iote ukungu.

Kinachoniuma ni kwamba mama mkwe Henut aliyabeba maneno ya uwanjani akayaleta jikoni kwangu. Kwake, kama mfalme alikuwa mzima, basi mguu wa Ipu ni mkosi niliokuja nao kutoka kwetu. Kila nilipoinama kusaga, yeye alikuwa akimfunga mtoto kwenye mkeka asijaribu kusimama, wapita njia wasione. Amekwisha kumwambia Huya, msimamizi wa mafundi, asimhesabu Ipu kuwa mrithi wa kazi ya baba yake. Siku moja akanieleza mbele ya majirani, "Huyo ni wa kukaa, mwanangu. Zaa mwingine." Mkononi nilikuwa na jiwe la kusagia; nikalirudisha kwenye nafaka.

Sasa sikiliza. Siku ya kuingiza vitu kaburini, mzigo wa Kasa ulikuwa fimbo za mfalme. Wakubwa hawakufikiria kuzificha, waliziona mapambo. Kasa alibeba kumbatio baada ya kumbatio, na chini kabisa akakuta fupi za kitoto. Ncha zimelika, kaka. Mpaka zile za kitoto zimelika. Yule kijana alitembea toka akiwa mdogo, na hakuna mwenye wigi aliyeona fahari kulisema hilo.

Jioni ileile nilimfungua Ipu. Sasa anasimama akishika mtungi, anaanguka, anacheka. Henut amenuna, anakwenda kula kwa binti yake. Mkate unatosha.

Ombi langu ni hili. Huku tuna mkuyu tu, laini kama jibini. Nyie meli zinawaletea miti migumu. Nichongee fimbo moja, urefu wa mkono wako toka kiwiko hadi ncha ya kidole, kichwa chake kienee kiganja cha mtoto. Sikukuu ya Bonde ikifika, kijiji kizima kitakuwa njiani kwenda makaburini. Nataka Ipu apite mbele ya Huya na bibi yake Henut kwa miguu yake mwenyewe, na Huya amhesabu.

Nisalimie wifi Mutnofret, shangazi Baki na watoto wote. Kasa anakusalimu sana. Ptah, mungu wa mafundi, aibariki mikono yako, na jua likukute mzima kila asubuhi.

Ncha ya fimbo usiitie shaba. Nataka niione ikilika.

Wako akupendaye,
mdogo wako,
Wabet.