Mimi Ndiye KABLA

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi na watoto, na kwamba mgongo wa mama umetulia. Mimi mwili haujambo. Moyo ndio umevimba kwa hasira, na wewe ni mmoja wa waliouvimbisha, kwa hiyo vumilia unisome mpaka mwisho.

Barua yako dereva wa lori amenifikishia. Unasema ile picha yangu aliyoipiga kwa simu akipita huku mmeichapisha, mama ameitundika sebuleni, na majirani wanapishana mlangoni kuitazama. Eti nimenawiri. Eti mjini kumenipenda mpaka nawekwa barabarani kama waziri, na hiyo Kabla iliyoandikwa juu ya kichwa changu lazima ni kampuni kubwa. Halafu ukaniuliza naonaje kula peke yangu. Kaka! Kula nini?

Kabla si kampuni. Ni kabla. Dereva alipiga nusu ya bango. Nusu ya pili kuna binti mwembamba, na juu yake wameandika BAADA. Ni tangazo la ukumbi wa mazoezi ninaofanyia kazi, na maana yake ni kwamba ukilipa ukaingia, hutafanana na mimi tena.

Kazi yangu unaijua, kugawa taulo mlangoni. Nakaa kwenye kigoda tangu alfajiri mpaka giza, na nikiinuka naulizwa nakwenda wapi. Wenye pesa wanapanda mashine wanakimbia bila kufika popote, na sisi wafanyakazi ni marufuku kuzigusa. Wao wanakatiwa matunda kwenye bakuli. Mshahara wangu unafika kwenye mkate mweupe, chipsi na soda, ili tumbo linyamaze. Nikirudi mtaani, hata pa kutembea hakuna, ni magari na vibaka. Huku matajiri ndio wembamba, kaka. Nyie mnaniona nakula raha, wao wananiona mvivu. Bosi aliwahi kuniambia mbele ya wateja nipunguze mdomo, wakacheka, na mimi mjinga nikacheka nao.

Siku ya picha alisema ni ya kitambulisho. Akaniamuru nisitabasamu, nilegeze mabega, nigeuke upande. Nikajiuliza ni kitambulisho gani hicho kinachotaka tumbo, ila nikageuka, kazi ni kazi. Asubuhi moja nafika getini, najikuta nimening'inia pale, mkubwa kama mlango! Na huyo BAADA ni mpwa wa bosi, hajanenepa tangu azaliwe. Nilikwenda kumsihi bosi anitoe. Akajibu kwamba nishukuru, wenzangu wanalipa ili waonekane. Tangu hapo wateja wakaacha kuniita dada, wakawa wananiita Kabla, eti Kabla lete taulo, Kabla hii imelowa.

Sasa nikuambie nililofanya, na usinigombeze. Juzi nilichukua ngazi ya fundi umeme na kisu cha kufungulia maboksi ya sabuni, nikapanda, nikajikata kwenye lile bango la turubai. Mchana kweupe, wateja wanatazama, mlinzi kanishikia ngazi huku anacheka mpaka machozi. Kipande chenye neno KABLA nikakiweka juu ya meza ya bosi. Nikafukuzwa kazi hapo hapo. Naogopa, sikufichi, maana kodi haijui hasira zangu. Lakini sijutii hata kidogo.

Dereva atakukabidhi furushi. Ni mimi huyo, nimekunjwa. Turubai zuri, halipitishi maji. Ile picha ya sebuleni iteremshe leo hii, ukate lile neno, ndipo umrudishie mama. Turubai mpe fundi alitandaze chini ya bati la jiko la mama linalovuja, uso uangalie chini, nimwone mama anavyopika. Hukutaka nile peke yangu, haya, nimekuja mezani.

Binti wa BAADA kabaki pale getini peke yake. Wapita njia wanasimama wanaulizana, baada ya nini?

Msalimie mama, wifi, na watoto kila mmoja kwa jina lake. Dereva akirudi, mpe majibu.

Ni mimi mdogo wako,
mnene, wala si Kabla wa mtu.