Kelele Niliyoifunga Chini ya Jeep

Baraka, Jumapili. Mvua imenyesha tangu misa ya kwanza. Sasa yamebaki manyunyu tu, na upepo wa ziwa unaingia mpaka chumbani. Jeep iko uani chini ya turubai. Sijaiwasha tangu Jumatano, na leo sina hata hamu ya kuitazama.

Ninaandika kwa sababu Riziki, mke wangu, amechoka kunisikia nikirudia maneno yale yale.

Kwa asiyenijua: kazi yangu ni kubeba watu na mizigo kati ya Baraka na Fizi-Centre, na siku za soko ninakwenda mpaka Lusenda. Jeep ni ya petroli, kuukuu, na barabara ya kupanda Fizi haina huruma na vitu vikuukuu. Ndiyo maana nilianza kuibadilisha. Kwanza niliongeza vyuma vya springi nyuma, maana kila nilipopakia magunia ya mihogo ilikuwa inakaa chini kama kuku anayetaga. Baadaye nikatafuta mipira ya magurudumu yenye meno marefu ya kushika matope. Halafu tukapandisha bomba la hewa mpaka juu ya paa, ili injini isinywe maji tukivuka vijito wakati wa masika. Siku moja maji yalifika kwenye taa, akina mama nyuma wakaanza kusali kwa sauti, na tukavuka.

Hivyo vyote sijutii hata kimoja. Laiti ningeishia hapo.

Lakini kuna dereva mwenzangu wa Fizi ambaye jeep yake inanguruma. Watu wanamsikia akiwa bado bondeni, wanatoka na mizigo, na anapofika wanamzunguka. Mimi ninafika kimya, watu wamekwisha kupanda kwake. Jioni nilikuwa ninalala na simu mkononi nikitazama video za magari ya watu wa mbali yakitoa moto nyuma, na nilijiambia kwamba ninatafuta nguvu ya injini. Uongo. Nilikuwa ninatafuta kutazamwa.

Alimasi, fundi wangu, tumesoma naye tangu shule ya msingi. Hakunificha.

"Mukubwa, nguvu itaongezeka kidogo tu. Kelele ndiyo itaongezeka mingi."

Nilicheka, nikamwambia aongeze vyote viwili. Akakata silansie, lile tumbo la chuma linalokula sauti ya moshi, akachomelea bomba moja pana lililonyooka mpaka nyuma. Kabureta nayo akaifungulia inywe petroli zaidi.

Siku ya kwanza nilipanda Fizi. Kona ile ile iliyokuwa inanilazimisha kurudi gia ya kwanza, ilinilazimisha tena. Nilijua siku ile ile kwamba sikupata kitu. Lakini watu waligeuka. Vijana wa barabarani walinipungia mikono. Nikajisikia mtu.

Kulikuwa na jambo moja zaidi. Nikitoa mguu kwenye mafuta, hasa kwenye mteremko, petroli ambayo haijaungua ilikuwa inashika moto ndani ya bomba. Pa! Pa-pa!

Riziki aliisikia jioni ile ile. Alitoka nje amemkumbatia mtoto wetu Asende.

"Baba Asende, ile sauti haujue inafanana na nini?"

Nilijua. Mimi na yeye tumekulia hapa hapa. Wote wawili tumewahi kubebwa mgongoni na mama zetu, tukikimbizwa porini kwa sababu ya sauti ya namna hiyo, sauti ya risasi. Nilimjibu tu: "Batazoea."

Na kweli, mtaa wetu ulizoea. Waliposikia pa-pa walisema, "Ni Baba Asende anarudi." Nikadhani dunia nzima inanijua.

Jumatano nilikuwa ninakwenda sokoni Lusenda, nimejaza watu na magunia. Kabla ya soko barabara inashuka kidogo, na watu wengi walikuwa wanavuka, basi nikawa ninakanyaga mafuta na kuachia, ninakanyaga na kuachia.

Pa. Pa-pa-pa. Pa.

Mwanzoni sikuelewa nilichokiona. Akina mama walijitupa chini. Meza za nyanya zilipinduka. Mzee mmoja alikimbia na kiatu kimoja. Watu walikuwa wanaingia kwenye mashamba ya mihogo, wengine wanaita majina ya watoto wao. Nikadhani wameona kitu nyuma yangu. Nikatazama kwenye kioo, na mimi pia nikataka kukimbia.

Nikakanyaga mafuta mpaka mwisho.

Kelele ikawa kubwa mara mbili. Mama aliyekaa mbele pembeni yangu ndiye aliyenipiga begani. "Zima! Papa, zima! Ni gari yako!"

Nikazima. Kukawa kimya, isipokuwa watoto waliokuwa wanalia.

Kando ya barabara palikuwa na mama anayeuza mandazi. Anaitwa Mama Esperansi, Mrundi, anaishi kwenye kambi ya wakimbizi ya Lusenda tangu miaka ile watu walipovuka wakikimbia kwao. Alikuwa ameinama kumvuta mtoto wa jirani, akagonga karai, na mafuta ya moto yakamwagika mguuni. Alikaa kwenye matope ameshika goti, hapigi kelele hata kidogo. Nilikimbia na dumu la maji ninaloweka nyuma ya kiti, nikaanza kumwagilia mguu. Nikamwambia apande, nimfikishe kituo cha afya.

Alinitazama. Kisha akaitazama jeep.

"Mule sipande."

"Mama, mguu unaungua..."

"Nasema mule sipande."

Wanaume wakafunga kitenge kwenye miti miwili, wakambeba. Mimi nilifuata nyuma kwa miguu. Hakuna aliyenipiga. Pengine ningefurahi kama wangenipiga. Mmoja wa wale wabebaji, Mrundi pia, alisema bila kugeuka: "Sisi tulikimbia kwetu juu ya ile sauti. Weye unaifunga ku gari sababu ya raha?"

Niliwafuata mpaka mlango wa kituo cha afya.

Abiria wangu walitafuta njia nyingine. Jeep nilishindwa kuiwasha mbele ya watu wale. Nilimwomba dereva wa lori la samaki anivute kwa kamba, na hivyo ndivyo nilivyorudi Baraka, nimeshika usukani wa gari lililozimwa. Kila tulipopunguza mwendo, watu walitazama lile bomba langu pana linalong'aa.

Nililitaka hilo. Kutazamwa.

Jana Riziki alisema tuende Lusenda, na kwamba hatanisemea, nitasema mwenyewe. Tulipanda pikipiki. Yeye alibeba unga na sabuni. Tulimkuta Mama Esperansi amekaa kwenye mkeka mbele ya nyumba yake, mguu umefungwa bandeji mpaka juu ya kifundo. Riziki aliweka unga ndani, akaona masufuria hayajaoshwa, akaketi akayaosha bila kuuliza. Mimi nikabaki nimesimama kama mtu aliyeitwa kwa chifu.

Nikaomba msamaha. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ile bomba," akauliza, "inasaidia nini?"

"Inaongeza nguvu kidogo, mama. Ya kupanda mulima."

"Na sasa unapanda mbio kuliko zamani?"

"Hapana, mama."

Nilisikia masufuria ya Riziki na mtu akitwanga mahali fulani. Halafu Mama Esperansi akasema mguu utapona, muganga amesema hivyo, mguu si shida yake.

"Shida ni Nadia."

Nadia ni binti yake mdogo. Alikuwa ndani, nyuma ya pazia, niliona vidole vya miguu tu. Tangu Jumatano hataki kwenda shule, kwa sababu njia ya shule inapita kando ya barabara. Usiku analala na viatu miguuni. Akivuliwa anaamka na kuvitafuta.

"Huyu alizaliwa huku," mama akasema. "Vita hakuiona. Mi nilikuwa nafurahi, nasema angalau huyu mumoja hajue kukimbia."

Riziki aliacha kuosha.

Nimekwisha kumwambia Alimasi alitoe lile bomba na kuirudisha kabureta kama ilivyokuwa. Silansie ya zamani haipo tena, watu wa kutengeneza mbabula, yaani majiko ya mkaa, waliichukua, sasa hivi kuna mtu anapika maharagwe juu yake. Alimasi amesikia iko moja kule Kazimia, itakuja na mtumbwi mtu wake akipata nafasi. Mpaka hapo jeep haitatoka uani. Abiria wangu watapanda kwa yule wa Fizi, na sitamwonea wivu. Nikimkuta nitamweleza yaliyotokea Lusenda, hata kama atanicheka kama mimi nilivyomcheka Alimasi.

Springi zitabaki. Mipira itabaki, na bomba la hewa litabaki, kwa sababu vilinisaidia kufikisha watu. Je, hili bomba litanisaidia kufikisha watu? Hilo ndilo swali nililopaswa kumwuliza fundi kabla hajawasha mashine ya kuchomelea, na sikuliuliza kwa sababu nililijua jibu lake.

Jana kabla ya kuondoka nilimwomba Mama Esperansi ruhusa ya jambo moja: mimi na Riziki tuje Jumatatu asubuhi, tumsindikize Nadia mpaka mlango wa shule, sisi tukitembea upande wa magari na yeye upande wa nyumba. Hakukubali, hakukataa. Alitazama pazia.

"Mutakuya na miguu," akasema.

Basi kesho pikipiki itatuacha mbali, kabla hata paa za kambi hazijaonekana, na sehemu iliyobaki tutatembea. Nimejaribu kutafuta neno la kumwambia mtoto atakapofungua lile pazia. Kila neno ninaloandika hapa ninalifuta.

Labda nitamwambia tu jina langu, na kwamba ile sauti ilikuwa mimi.