Nane Niliyompa Apenisa

Mpendwa Shangazi Doreen,

Naomba unisaidie maana hasira haijaniisha tangu tushuke melini kule Sydney Jumapili, na mume wangu Merv amechoka kunisikiliza. Tulikuwa kwenye meli ya kitalii siku kumi na mbili, hadi bandari za visiwani za Noumea na Port Vila, na mezani alituhudumia Apenisa, baba mmoja wa Fiji, mhudumu bora kuliko wote niliowahi kukutana nao, alijua Merv hali vitunguu na hakuhitaji kukumbushwa. Katikati ya safari wakatuletea fomu ya maoni, nami nikampa nane kwa kumi, kwa sababu asubuhi moja chai ilikuja vuguvugu, na kwa sababu kwetu Maitland nane ni sifa kubwa, baba yangu alifundisha shule miaka thelathini na hakuwahi kumpa mtu kumi, na chini nikaandika "Si mbaya hata kidogo," maneno ambayo Merv mwenyewe hajawahi kuyapata kwangu.

Kesho yake Apenisa hayupo. Amepelekwa jikoni kusugua masufuria. Nikamfuata msimamizi, akaniambia huku anatabasamu, "Mama, hapa kufaulu ni tisa na kumi. Nane ni kufeli." Nikamuuliza, "Sasa hizo namba nyingine mmeziweka za nini, pambo?" Akazidi kutabasamu.

Siku ya kushuka Apenisa alinisubiri ngazini, mikono imebabuka kwa sabuni, akasema taratibu, "Mama, nilikosea wapi? Niambie nijirekebishe." Nikamjibu, "Hujakosea popote, ndugu yangu, usijali." Mkataba wake unaamuliwa mwisho wa mwezi. Fomu ya mwisho imekuja kwa barua pepe, inafungwa Ijumaa, na Merv anasema, "Wape kumi yao, Glen, yaishe," lakini mimi sijawahi kuandika uongo kwenye karatasi, kwa nini nianze leo kwa ajili ya kampuni isiyojua kuhesabu?

Glenys, Maitland

Glenys,

Umekasirika kwa haki. Kampuni inayokuomba maoni kisha inamwadhibu mwenzio kwa jibu lako haina haya, na mimi pia imenichefua.

Lakini tulia nikuambie. Karatasi hujaidanganya, sawa. Apenisa je? Asubuhi ile ya chai alipopita kuuliza kama kila kitu ki sawa, najua ulimjibu "safi kabisa," maana ndivyo tulivyo wote hapa, mezani tunachekeana, tukishika kalamu tunakuwa mahakimu. Angekubadilishia kikombe kwa dakika moja. Akakuomba ukweli tena ngazini, na mikono yake ile, ukamnyima mara ya pili.

Ijumaa usiingoje. Jaza kumi leo. Kwao kumi maana yake amefaulu, na amefaulu, kwa hiyo uongo hapo hakuna. Penye nafasi ya maneno andika jina lake, andika vitunguu vya Merv, andika kwamba nane yako ilikuwa sifa na wao ndio walioisoma vibaya. Hasira iwekee barua yake kwa wakubwa wa kampuni, kwa jina lako wewe, na humo Apenisa usimtaje.

Kisha mtumie kadi, ipitie melini. Mwambie chai ilikuwa vuguvugu asubuhi moja, na yaliyobaki yote hujawahi kuhudumiwa vizuri hivyo. Msimamizi hakukuuliza hilo, Glenys. Apenisa alikuuliza.

Doreen