Daawa Niliyoiita Dua

Maskati

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti lako laamkaje siku hizi, na mvua je, zimefika Msambweni? Mimi mwili wangu mzima, alhamdulillahi. Moyo ndio mgonjwa.

Mama, kosa ni langu. Uliponitumia picha ya ile karatasi ya mahakama ya kadhi ukaniuliza, "Daawa ni nini, mwanangu?" nilikuwa nikimwogesha bibi ninayemtunza. Niliitupia jicho tu. Nikaona "mdai anaomba", nikakujibu, "Ni kama dua, mama. Ami anaomba tu. Usijibu, mwachie Mungu." Nawe ukanisikiliza, kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma.

Juzi uliponiambia kesi imesikizwa bila wewe, na shamba lote la marehemu baba kapewa Ami nduguye, nililia jikoni mpaka bibi akanisikia. Yeye kazaliwa Unguja, Kiswahili anakijua. Nikamweleza yote.

"Hukukosea sana," akasema. "Kwa Kiarabu dua na daawa zimetoka tumbo moja, na asili yake ni kuita. Mwenye dua humwita Mungu. Mwenye daawa humwita mwenziwe mbele ya kadhi, aje ajibu. Mamako aliitwa, mwanangu. Wewe ukamwambia asiitike."

Baba alizikwa nisiwepo, na sasa nimekutoa kwenye mikorosho mliyoipanda nyinyi wawili.

Mwanawe bibi ni wakili. Hana uhakika na sheria za kwetu, lakini anasema aliyehukumiwa bila kusikizwa aghalabu huweza kuomba asikizwe upya, mradi asichelewe. Tafadhali mama, nenda Jumatatu, kaka Juma akupeleke. Umweleze kadhi ilivyokuwa, na jina langu ulitaje. Usinisitiri.

Nisalimie kaka Juma na mkewe, na shangazi Mwanasiti aliyenifundisha kusoma. Usimwambie nilivyosoma safari hii. Na Ami ukikutana naye, msalimie pia. Jana nilimpigia simu nikiwa na maneno makali tayari mdomoni. Akaitika, "Naam, mwanangu." Nikakata. Mama, ana sauti ya baba.

Ni mimi mwanao, nikuombaye radhi,
Mwanaisha