Kabari Mbili za Njano

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili ni la kampuni. Mwisho wa mwaka waliyagawa kwa wateja, moja likabaki, msimamizi akanirushia: chukua mama, uandikie hata hesabu ya sabuni. Basi leo naandika. Shule niliishia darasa la nne, lakini kuandika najua. Kuhesabu najua zaidi.

Gari la kliniki limeletwa leo juu ya lori la kuvuta. Jeupe, ubavu umeingia ndani, kioo cha mbele hakuna. Nilikuwa napiga deki shorumu. Nikaacha katikati. Ijumaa iliyopita mwanangu katolewa ndani ya gari hilo hilo! Mguu umevunjika mara mbili. Sasa yuko nyumbani, plasta mpaka kwenye paja, anatazama dari.

Msimamizi wa karakana akalizunguka gari. Sisi tunamwita Bwana Tiki — nitasema kwa nini. Akacheka. Eti mwanamke ukimpa usukani anadhani kashika mwiko. Mafundi nao wakacheka. Hakuna anayejua kuwa dereva ni wangu. Nani amuulize mama wa usafi ana watoto wangapi?

Nikakamua tambara la deki. Nikalikamua mpaka likakauka.

Jumanne, 4 Machi

Mwanangu kaniambia tena asubuhi. Mama, breki nilishika. Mwendo wa kawaida. Gari liliruka tu kama mkokoteni, likateleza kwenye kona. Miaka tisa anaendesha, hajakwaruza hata ndoo ya mtu.

Na mimi — hili lazima niliandike — aliniambia mapema. Wiki ile ile gari lilipotoka hapa kwetu, jipya kabisa: mama, lile gari gumu, linanirusha mpaka kiuno kinauma. Nikamjibu kama mjuzi! Gari jipya ni kama kiatu kipya, litalainika. Maneno ya Bwana Tiki. Ndivyo anavyowaambia wateja kila siku, nami nasikia nikifuta vioo. Nimeyabeba kwa mdomo wangu mwenyewe nikampelekea mwanangu.

Sasa sikiliza. Leo namwaga ndoo ya takataka ya karakana, nikaona kabari mbili.

Niandike vizuri nisije nikasahau. Magari mapya yakija kwenye lori, kila moja limebanwa kabari mbili za plastiki, za njano, ndani ya springi za mbele, ili lisinesenese njiani. Likifika, fundi analipandisha juu, anazitoa, anazitupa kwenye ndoo. Zisipotolewa springi haibonyei. Kila shimo gari linaruka, tairi linaachia ardhi. Gari moja, kabari mbili. Ndoo naimwaga mimi, mwaka wa sita huu.

Lakini lori halijaja wiki mbili sasa! Na kabari za lori huwa safi. Hizi zina tope. Zimetafunika pembeni kama mfupa uliopita kwa mbwa.

Na mchana, mafundi walipokwenda kula, nani alilipandisha juu gari la kliniki, peke yake, mlango wa karakana nusu umefungwa? Bwana Tiki.

Nimezivingirisha kwenye aproni. Sasa ziko nyumbani, ndani ya kopo la unga.

Alhamisi, 6 Machi

Barua ya kliniki imekuja. Mwanangu kaisoma yote kwa sauti, akaikunja, akaniomba maji. Amesimamishwa kazi mpaka ripoti ya bima ifungwe. Ripoti ikisema uzembe wa dereva, basi kazi kwisha, na leseni itakwenda. Mtu wa bima alishakuja jana kulikagua gari. Springi sawa, breki sawa, matairi sawa. Zitaachaje kuwa sawa, kabari ziko kwenye kopo langu! Atarudi Ijumaa ya tarehe 14, Bwana Tiki aweke saini, biashara iishe.

Siku nane.

Nikamfuata Fundi Mrefu, maana ndiye mwenye utu pale. Nikamwambia yote, na kwamba dereva ni mwanangu. Akashika kichwa. Kisha: "Mama yangu, kabari umeziokota jalalani. Kesho nami nikiokota jino nitasema ni la meneja?"

Akanichekesha, shetani huyu, huku nalia.

Halafu akanong'ona. Fomu ya gari la kliniki, lilipokuja jipya, ilijazwa likiwa bado juu ya lori, likatoka siku ile ile bila fundi kulipandisha. Ndiyo hilo jina la Bwana Tiki: ile fomu ya ukaguzi ina mistari sitini na kitu, yeye anailaza kwenye boneti, kalamu inakimbia, tiki tiki tiki kama mvua kwenye bati. Chai haijapoa, gari limeshakaguliwa. Upepo wa matairi, nati za magurudumu, kabari — tiki.

Nikamuuliza, utayasema haya mbele ya mtu wa bima? Akatazama viatu vyake. "Nina watoto wanne, mama."

Na huyu wangu ni kuku?

Jumamosi, 8 Machi

Nimemtilia Bwana Tiki chumvi kwenye chai. Vijiko viwili, na nikakoroga vizuri. Kainywa yote! Eti leo mama umeipatia.

Mtu wa namna hii unamfanyaje?

Nikifua nawaza mambo. Kwamba afungwe kwenye kiti cha mbele, kabari zikiwa chini, azungushwe kwenye ile kona asubuhi mpaka jioni. Kwamba kila tiki aliyopiga imrudie mwilini kama upele. Nikasugua shuka ya mwanangu mpaka ikachanika. Shuka yenyewe ilikuwa nzima.

Jumatatu, 10 Machi

Lori limekuja. Magari sita. Matano ya wateja. La sita jekundu, dogo, zuri kama kiatu cha mtoto. Bwana Tiki akawaita wote waje waone: la binti yangu hilo! Kahitimu ukunga, kapata kazi, namtunuku. Meneja akampigia makofi. Nami nilipiga. Kwa nini nisipige, mikono ilikuwa na sabuni.

Analichukua Ijumaa.

Fomu sita kwenye boneti. Kalamu ikakimbia. Nilikuwa nyuma yake na fagio, nikasikia kabisa — hata kwenye ile ya sita haikupunguza mwendo! Ya mwanawe! Mkono wake umezoea, haujui tena kutofautisha.

Jumatano, 12 Machi

Kumi.

Nimemwaga ndoo sakafuni stoo nikahesabu. Kumi. Nikahesabu kwa kuzipanga mbili mbili kama viatu mlangoni. Jozi tano, magari sita. Nikapekua chini ya meza za mafundi, kwenye mtaro, kwenye pipa la nje. Fundi Mrefu akaniona nimeinama: mama, umedondosha nini? Nikasema hereni. Akasema mbona hujawahi kuvaa hereni.

Nikamuuliza kama utani, magari yote sita umeshayapandisha? Matano, mama. Lile jekundu mzee kasema tusiliguse, atalimaliza mwenyewe.

Na mzee kalimaliza kweli! Siku mbili analing'arisha. Kapaka nta, kasugua rimu kwa mswaki, kafunga utepe kwenye boneti. Chini hajainama hata mara moja. Nimemlinda kama mwizi, siku mbili hizo, najua.

Niliingia choo cha wateja nikafunga mlango nikacheka. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Sina la kufanya! Sihitaji chumvi, sihitaji kelele. Ninyamaze tu. Niendelee kufuta vioo. Kanichezea mwanangu, sasa acha aone inavyokuwa simu inapoita na mtu usiyemjua anauliza wewe ni mzazi wa fulani.

Nimekula leo. Sahani mbili.

Alhamisi, 13 Machi

Binti wa Bwana Tiki kaja kuliangalia gari lake. Nilidhani atakuwa na pua juu. Kanikuta napangusa mlango: "Shikamoo mama. Pole na kazi." Kavua viatu kabla ya kuingia ndani ya gari, asichafue niliposafisha! Akakaa, akashika usukani, akajitazama kwenye kioo, akaona aibu.

Akaniambia kesho kutoka hapa anakwenda moja kwa moja kwa mama yake. Ni mgonjwa, hajamwona miezi miwili. Anamwendea kwa barabara ile ile yenye kona iliyomwangusha mwanangu.

Nikasema safari njema, mwanangu. "Mwanangu" ilinitoka yenyewe. Ulimi hauna adabu.

Jioni nikamweleza mwanangu habari yote, kumi, jekundu, na jinsi nitakavyonyamaza. Nilidhani atafurahi. Akauliza kitu kimoja tu, kama dereva: "Atapita barabara ipi?"

Nikamwambia.

Sahani yake akaisukuma. Akageukia ukuta pole pole, maana ule mguu haugeuki kwa urahisi.

Sasa nina hasira na mabinti wote wawili, wangu na wake.

Ijumaa, 14 Machi

Naandika nikiwa stoo ya mafagio, mlango nimeufunga kwa ndani.

Asubuhi huwa naingia wa kwanza, nafagia ofisi. Funguo za magari zinaning'inia ukutani. Za jekundu ni mbili, zimefungwa pamoja na kipande cha utepe. Nimezichukua. Ziko kwenye mfuko wa aproni, na ile jozi ya kabari za tope nimekuja nayo, iko mfuko wa pili.

Sitaki kujidanganya humu. Si kwa huruma. Huruma ipo, kidogo tu, kama chumvi kwenye maji ya kuosha. Ila nimewaza tangu jana: akianguka yule binti, Bwana Tiki atalia, watu watampa pole, watamletea uji. Fomu zitabaki zimejazwa. Wangu atabaki mzembe. Kisasi gani hicho cha kupewa pole? Nataka aonekane. Nataka ainamishwe.

Mtu wa bima kafika. Binti naye kafika, tayari kwa safari. Funguo hakuna. Wamepekua meza zote. Kisha nikasikia Fundi Mrefu — Mungu ampe maisha — anasema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika: "Muulizeni mama wa usafi."

Wakaja mlangoni. Bwana Tiki kwa sauti ya asali: mama, fungua basi, umeumwa? Nikasema siumwi. Funguo ninazo. Gari halitoki mpaka lipandishwe juu mbele ya mtu wa bima, aangalie springi za mbele.

Asali ikaisha. Umechanganyikiwa? Umetumwa na nani? Gari nimelikagua mwenyewe, fomu hii hapa, tazama, tiki zote!

Nikamwambia: "Na la kliniki ulilikagua mwenyewe. Yule uliyesema kashika mwiko ni mwanangu. Mimi ndiye mama yake."

Meneja anasema leo ni siku yangu ya mwisho hapa. Sawa. Watamwaga ndoo zao wenyewe.

Na sasa naogopa. Je, kama alizitoa? Kama alikuja Jumapili nisipokuwepo, akazitoa, akazitupa njiani? Kumi si ushahidi, kumi ni hesabu ya mama wa usafi. Nitatoka humu mwizi wa funguo, na mwanangu atakosa hata mama mwenye kazi. Sijawahi kuomba gari la mtoto wa mtu liwe bovu. Leo naomba. Ee Mungu ziwemo, zote mbili, za njano.

Mtu wa bima anauliza, mbona jambo dogo hili? Leteni jeki. Bwana Tiki anasema utepe utaharibika. Binti anasema, baba, wapandishe tu, kwani kuna nini?

Jeki inalia. Kwi. Kwi. Kwi. Mwenye kupampu ni Fundi Mrefu, naijua pumzi yake.

Imenyamaza. Mtu wa bima kaomba tochi.

Bwana Tiki anasema subiri kwanza, subirini kwanza, hili nilikuwa bado sija—

Mtu wa bima anauliza, za njano hizi ni nini?

Nimesimama, funguo mkononi, sikio mlangoni, daftari nimeliegemeza kwenye ndoo. Kisha nasikia sauti ya binti, ndogo, kama ya mtu anayebisha hodi:

"Baba?"