Baba, Usiseme Ni Pori Tu

Kambi ya wapima misitu,
Handeni

Kwako Baba mpendwa,

Shikamoo, Baba. Na Mama pia nampa shikamoo yake. Natumaini barua hii inawakuta wazima, na kwamba kifua cha Mama kimetulia baada ya baridi ya huko juu. Mimi mwili ni mzima, ila moyo hauna raha, na sababu yake utaisikia. Shemeji, wewe unayemsomea Baba, soma polepole, wala usiruke neno hata ukimwona anakunja uso.

Kama mjuavyo, nilianza hapa kwa kufyeka mpaka. Tulipita porini na mapanga tukifungua njia pana, na kila baada ya hatua kadhaa tunarundika mawe. Ndani ya mawe ni msitu wa Serikali, nje ni pa watu. Sasa nimepandishwa, namfasiria yule Mzungu wa misitu ambaye hapa kila mtu anamwita Bwana Miti. Yeye anajua Kiswahili, lakini wazee wa huku wakiwa na jambo zito husema Kizigua, na Kizigua na Kishambaa chetu vinasikilizana.

Sitamsema vibaya Bwana Miti. Ni mtu wa kutembea, na jua halimshindi. Anakausha majani kati ya karatasi, na siku moja alitusimamisha sote kimya kwa ajili ya kindege kidogo kama kidole gumba, akasema huenda hakipo pengine duniani ila katika vilima hivi. Ana ramani ambamo amechora kwa penseli ya kijani misitu anayotaka ibaki, toka huku Handeni mpaka milima yetu, kabla shoka na mashamba ya mkonge havijaimaliza. Nami naona anasema kweli. Vijito nilivyovuka nikija huku mara ya kwanza, vingine leo ni mchanga mtupu. Lakini Baba, penseli ile haijui nani analima wapi mpaka iambiwe.

Kabla ya kiangazi tulimkuta mzee mmoja, Mzee Mhina, amesimama penye majani marefu na jembe begani. Bwana Miti akauliza, "Hapa ni shamba la nani?" Mzee akanitazama, akaitazama kofia ya askari wetu, akasema, "Ni pori tu, mgosi. Halina mwenyewe." Baba, nyuma yake mbaazi zilikuwa zimebeba, na dungu la kulindia nyani bado limesimama! Nilijua papo hapo anaogopa nini. Alidhani tumekuja kuandika mashamba ili nayo yalipiwe kodi kama vichwa. Wewe ungesema vivyo hivyo. Umesahau akida alipokuja kuhesabu mbuzi, ukamwambia wote ni wa mkweo? Tulicheka wiki nzima.

Nilifasiri kama alivyosema. Mkalimani akiongeza neno lake anafukuzwa, na nimemwona mwenzangu akifukuzwa. Bwana Miti akaandika, tukapita. Tangazo la mpaka mpya likabandikwa mlangoni kwa jumbe, likakaa pale hata likapauka. Hakuna aliyekwenda kulalamika, kwa kuwa kila mmoja alikuwa ameficha la kwake.

Mvua za vuli zilipoanza, Mzee Mhina alikwenda kupanda mahindi kama kila mwaka, akakamatwa ndani ya mawe. Aliletwa bomani, nami nikaitwa kufasiri. Safari hii alieleza yote: shamba ni lake, tena lilikuwa la baba yake, na alilikana kwa hofu ya kodi. Bwana Miti alifungua daftari lake, akalifunga tena. Nadhani alihuzunika. Kisha akasema karatasi zimekwisha kupigwa muhuri Dar es Salaam, hana uwezo wa kuzirudisha. Mzee alinigeukia mimi, akasema kwa sauti ndogo, "Wewe kijana, mbaazi uliziona."

Bwana Miti akauliza amesema nini. Nikamwambia hakusema kitu.

Hilo ndilo linalonichoma, Baba. Siku ile ya kwanza niliogopa kuongeza neno, na siku hii nikathubutu kulificha. Mke wa mzee alikuwa ameketi nje na kapu la mbegu, nikapita bila kumwamkia.

Sasa nisikilize vizuri. Juzi Bwana Miti alikunjua ramani mezani, nikauona mstari wa kijani ukishuka toka kilele cha Mpale, ukafuata kijito chetu, ukalimeza lile shamba ulilolipumzisha. Machoni pa mgeni ni pori kweli, vichaka vimenizidi kimo. Lakini ndilo ulilosema tutagawana mimi na kaka, wala hatuna jingine. Likienda, mimi sina pa kurudi. Nitazeeka nikifyeka mipaka ya watu.

Tutakuja huko mwezi huu ukiisha. Lori litatufikisha Mkumbara, na kutoka hapo tutapanda kwa miguu. Bwana Miti hajui kwamba Mpale ni kwetu. Karani aliponiuliza nilisema natoka Lushoto. Wakijua watachukua mkalimani mwingine, na aliyepo ni mtu wa Tanga asiyejua Kishambaa hata cha kuombea maji.

Basi akiuliza, sema ni shamba lako. Mwonyeshe masale aliyopanda babu mpakani, mwonyeshe migomba iliyobaki kando ya kijito na mafiga ya kibanda cha zamani. Waambie na majirani wafanye hivyo. Ila msitu ulio juu ya chemchemi mwacheni auchukue, hata babu hakuruhusu shoka mle. Mkidai na ule, hatawaamini kwa lolote. Nakuapia, safari hii hakuna kodi ya mashamba. Najua ni vigumu kuniamini, maana Mjerumani alikuja na daftari, na Mwingereza naye akaja na lake.

Mwambie Mama asinikimbilie, wala asilie akiniona. Nitasimama katikati yenu, wewe na Bwana Miti, nami nitakuamkia kama nisiyekujua. Kitakachotoka kinywani mwako ndicho nitakachosema, wala sitakuwa na njia ya kukitengeneza.

Barua hii nimempa dereva aiache Manundu kwa yule fundi cherehani rafiki yangu. Jibu lipitie kwake, tena upesi. Sihitaji habari nyingi, niambie tu kama utasema.

Wafikishie salamu zangu kaka na mkewe, dada na watoto wake, na Bibi mzaa Mama, ambaye namwomba aniombee. Shemeji, ahsante kwa kusoma. Kama Baba amenyamaza, msomee tena.

Ni mimi mwanao, ambaye siku hiyo utaniita mgeni,

Hemedi