Leseni Uliyoitaka Wewe

Kaka Wafula,

Tangu tukuzike, mvua imekuja ikaenda, nami sikuweza kukuandikia hata neno. Leo naweza. Kiti chako pale kwenye chumba chetu cha kazi Bukoto bado kipo; huwa naweka mkoba wangu juu yake, mgeni asikikalie.

Nina habari za Rukia. Bado naiita hivyo maktaba yetu ya programu, ile ya kutafutia majina ya wagonjwa, jina ulilolipa siku tulipotoka kwenye ile zahanati ya Kyebando. Unamkumbuka yule mama aliyekaa pale asubuhi nzima, kompyuta inasema mtoto wake Rukia hayumo, kumbe karani alimwandika Lukia? Ulicheka njia nzima. "Dada Furaha, kompyuta ya Kampala lazima ipewe masikio ya Kampala." Kesho yake tukaanza kuifundisha kutafuta l na r kwa pamoja.

Jambo moja uliliacha halijaisha. Kazi yote tuliiweka mtandaoni, kila mtu aione, ila leseni hatukuiweka, maana tulibishana. Mimi nilitaka mtu aichukue aifanyie apendavyo, mradi asifute majina yetu. Wewe ukakataa: akiiboresha na kuigawa, basi na maboresho yake ayatoe wazi. "Tutaamua wiki ijayo," ulisema. Wiki hiyo ilipofika ulikuwa wodini.

Kisha hospitali moja ya kaskazini ikaniandikia. Wanaitaka Rukia, lakini bila leseni hawaruhusiwi kuigusa. Nusu ya kazi ilikuwa yako, na sasa ni ya mkeo. Nikapanda kilima cha Mbuya, nyumbani kwake, na karatasi mbili: moja ya matakwa yangu, nyingine ya matakwa yako.

Nafula alinipa chai. Akazisoma zote polepole, kisha akauliza, "Wifi, yeye alitaka ipi?"

Kaka, sikufichi. Hukuwepo kunibishia. Neno moja tu, na ningeshinda.

Nikaweka kidole kwenye karatasi yako. "Hii. Mimi ndiye nilitaka ile nyingine."

"Kwa nini?"

"Niliogopa watu wataikimbia."

"Naye hakuogopa?"

"Hakuogopa."

Akatia sahihi. Nami nikatia yangu chini ya yake. Nilishuka kile kilima nikilia, lakini moyo ulikuwa mwepesi.

Na hospitali hawakukimbia. Waliiingiza Rukia kwenye programu yao, wakazigawia zahanati za huko, na juzi wametuma maboresho yao kama leseni inavyowataka. Wameongeza majina ya Kiacholi, namna yanavyoandikwa mara kwa herufi moja, mara kwa mbili: Okelo, Okello. Mimi wa Bukavu na wewe wa Bungoma, ndugu wa kazi tu, tungeyajulia wapi hayo? Nimesoma kila mstari. Wamesahihisha na kosa moja la zamani. Kosa lako, Kaka, si langu! Nilicheka peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta.

Nafula hajambo. Ameanza tena kuimba kwaya.

Rukia nitaitunza. Kila atakayeleta sahihisho nitamjibu, hata akiwa mwanafunzi aliyeanza jana. Na nisipokubaliana naye nitamwambia, kisha nitamsikiliza mpaka mwisho, maana wewe sikukusikiliza hivyo.

Pumzika, Kaka. Ulikuwa sahihi, na sikukuambia ukiwa hai.

Dada yako,
Furaha